Maji ya Jumapili

Muhidin bin Hamis alikuwa ametia sahihi mara kumi na nne chini ya neno "Nimekagua", na hata siku moja hakuwa amekwenda kukagua. Kila mwisho wa mwezi daftari la vipimo vya maji ya mto lilitoka kijiji cha Katunda, kule ukingoni ambako uwanda wa Ufipa unakatika na kuporomoka hadi bonde la Rukwa, likafika mezani kwake Sumbawanga likiwa limefungwa kwa uzi wa katani. Yeye alilifungua, akajumlisha tarakimu, akachovya kalamu, akatia sahihi. Kutoka mjini hadi kwenye maporomoko ya mto huo ni safari ya siku nzima, nusu yake ya miguu, na karani wa serikali ana viatu vya kutunza.

Sasa daftari lilikuwa limerudi kutoka kwa mhandisi wa Kiingereza aliyekaa Mbeya. Penseli nyekundu ilikuwa imezizungushia Jumapili zote za kiangazi, Juni, Julai na Agosti. Siku za juma maji yalisimama kwenye ubao wa kipimo futi moja na inchi moja. Jumapili yakapanda ghafla hadi futi moja na inchi saba. Jumatatu yakashuka tena. Pembeni mhandisi aliandika kwamba hajapata kuona mto unaojua siku ya Jumapili, kwamba msoma ubao ni mwongo, na kwamba atakuja mwenyewe tarehe ishirini. Kisha akaongeza: "Nataka pia kumjua aliyekuwa akimkagua."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyomnyima Muhidin hamu ya kula. Katika ukoo wao wa maduka na malori yeye peke yake ndiye aliyekalia kiti cha ofisi, na baba yao, mzee Hamis, alikuwa akiwatajia jambo hilo hata wateja waliokuja kununua chumvi tu.

"Wakikufukuza usije dukani kwangu," kaka yake Huseni alimwambia, huku akifunga turubai la lori. "Magunia hayabebwi kwa kalamu."

"Hanifukuzi mtu. Mwongo ninamjua, na nitamleta."

Jambo lenyewe alikwisha lipiga hesabu kichwani. Msoma ubao, Wilibrodi, alikuwa Mkatoliki kama Katunda nzima. Jumapili watu wale hufua kanzu na kwenda kusali. Nani angeacha sala ateremke korongoni kutazama ubao? Bila shaka Wilibrodi alikaa nyumbani, akabuni tarakimu, na kwa ujinga wake akabuni kubwa mno. Muhidin angemfumania, angempeleka kwa mhandisi kabla mhandisi hajauliza habari ya sahihi, na mkaguzi aliyemkamata mwongo hawezi kuitwa mzembe.

Akaondoka Jumamosi alfajiri kwa lori la Huseni, akashushwa njia panda, akamalizia kwa baiskeli. Katunda alifika saa tano.

Wilibrodi alimpokea uani. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, mwembamba, mwenye miguu mirefu iliyokauka kama mpini. Kwa umri alistahili shikamoo, lakini Muhidin aliimeza, akampa mkono tu.

"Karibu, Bwana Karani," alisema Wilibrodi. "Tumekungoja mwaka mmoja na miezi miwili."

Muhidin alimtazama usoni atafute kama ile ni kejeli. Hakuona kitu, na kutoona kitu kulimtia shaka zaidi.

Epifania, mke wa Wilibrodi, alileta ugali wa ulezi na mboga. Muhidin alinawa, akamega tonge, akasita. Ndani ya bakuli mlikuwa na majani mabichi, vitunguu vya kijani na nyanya nyekundu zilizojaa maji. Ilikuwa katikati ya Septemba. Njia nzima hakuona kitu kibichi isipokuwa miti ya misheni.

"Mama, nyanya hizi mmezipata wapi?"

Epifania alimtazama mumewe kwanza. "Kwa baba, Bwana."

"Baba yako ana mvua yake peke yake?"

Epifania alicheka, lakini macho yake hayakucheka. Kisha akageuza maneno. "Heri umekuja. Mwambie huyu mwenzako Jumapili aende sala kama watu. Katekista Adriano amekwisha mtaja mbele ya kigango kizima mara tatu. Mwaka mzima ninakaa upande wa wanawake peke yangu kama mjane!"

"Anakwenda wapi Jumapili?"

"Wapi tena, kama si kwenye ubao wenu huo!"

Muhidin akaendelea kula polepole. Mke analalamika neno lile lile ambalo mume angependa lisikike, na analilalamikia mbele ya mkaguzi. Wamefundishana hawa, alijiambia.

Baada ya chakula alifungua ramani ya ofisi juu ya mapaja. Ramani ilionyesha njia mbili za kufikia maporomoko. Moja ilifuata mto kwa juu, ikapita tambarare, fupi na rahisi. Nyingine ilizunguka, ikateremka ukingo, halafu ikarudi kwa kufuata sakafu ya korongo.

"Tutapita hii ya juu."

"Imebomoka," alisema Wilibrodi upesi.

"Lini?"

"Masika."

Wakati ule ule akatokea mwanamke mmoja kwenye njia hiyo hiyo ya juu, kikapu kichwani, mtoto mgongoni, anatembea kwa madaha kama aendaye arusini. Alipita akawaamkia, akaenda zake. Wanaume wawili wale walimsindikiza kwa macho. Muhidin alikunja ramani. Alitaka kusema, lakini akaona afadhali amwache mtu ajifunge mwenyewe.

Wakateremka kwa njia ndefu. Juu kulikuwa na upepo baridi wa Ufipa. Kila hatua chini joto la bonde liliwapanda miguuni. Majani yaliisha, ikabaki miiba na miti isiyo na jani hata moja. Mawe yalikuwa ya moto hata mtu asingeweza kuegemea. Mbele yao, kupitia mdomo wa korongo, bonde la Rukwa lilionekana jeupe kwa vumbi, upande wa Mtowisa ukitetemeka kwa jua. Pimbi walichungulia kwenye nyufa, wakapiga kelele, wakapotea.

"Tangulia wewe," alisema Muhidin.

"Nimetangulia, Bwana Karani."

"Tangulia zaidi."

Kwenye jabali moja njia ilikuwa nyembamba, upana wa ubao wa kulalia tu, na upande wa kushoto hakuna kitu ila hewa. Muhidin aliwaza kwamba mtu mwenye hofu ya kufukuzwa kazi, akipata nafasi kama hii na karani mwenye viatu vinavyoteleza, hahitaji hata kumsukuma. Yatosha asimpe mkono. Akaanza kutembea kwa matako.

"Umechoka?" aliuliza Wilibrodi bila kugeuka.

"Ninatazama mawe."

"Yatazame vizuri. Lile la mbele linacheza."

Walipofika chini, kiatu cha kulia kilikuwa kimefumuka. Wilibrodi alimnyooshea kibuyu. Muhidin alinusa.

"Pombe?"

"Togwa. Mke wangu alisema wewe ni mtu wa dini yako, tusikutie majaribuni."

Muhidin alionja kidogo tu. Ilikuwa togwa kweli. Jambo hilo halikumpendeza, kwa kuwa mtu anayejua kukwepa kosa dogo huenda ndiye mwenye kosa kubwa.

Wakaanza kufuata sakafu ya korongo kwenda juu. Ilikuwa mchanga mtupu. Wakapita kona ya kwanza, mchanga. Kona ya pili, mchanga. Kuta nyekundu huku na huku na anga kama utepe. Muhidin aliinama akachimba kwa mkono hadi kiwikoni. Vumbi. Mwaka mmoja na miezi miwili ametia sahihi habari za maji, na mto wenyewe uko wapi? Labda hapakuwa na Jumapili ya uongo. Labda kila siku ilikuwa ya uongo.

"Wilibrodi!" Sauti yake iligonga ukuta ikamrudia. "Mto uko wapi?"

"Unaukanyaga."

"Ninakanyaga mchanga!"

"Mchanga unaunywa. Kiangazi maji hayafiki hapa. Kaza mwendo, Bwana, jua linatuacha."

Kwenye kona ya tano alihisi ubaridi usoni, kama mtu aliyefunguliwa mlango wa ghala. Kisha akasikia. Na walipozunguka jabali la mwisho akaona maji yakianguka kutoka juu kabisa, uzi mwembamba mweupe ulioyumba kwa upepo, ukaingia kwenye bwawa la kijani lenye mimea ukingoni. Hatua thelathini chini ya bwawa maji yalizama mchangani yakaisha. Ubao ulisimama kwenye mlango wa bwawa, rangi nyeupe na nyeusi, umesimikwa kwa saruji.

Muhidin aliingia majini na viatu vyake. Akautikisa ubao kwa mikono miwili. Haukucheza. Akakagua saruji kama kuna ufa mpya, akapapasa misumari, akapima kwa rula ya ofisi kama inchi zake ni inchi. Ndipo akasoma: futi moja na inchi moja.

"Asubuhi uliandika ngapi?"

"Hizo hizo."

"Tutalala hapa," alisema Muhidin. "Kesho Jumapili nitasoma mimi."

Alitazamia kuona hofu. Wilibrodi alishusha pumzi tu, akaenda kuokota kuni.

Muhidin alitawadha bwawani akasali, wakala samaki wakavu, wakalala chini ya mwamba uliojitokeza kama paa.

Alfajiri kelele ndiyo iliyomwamsha. Uzi wa jana haukuwepo. Palikuwa na shuka zima la maji, pana, linapiga bwawa kwa kishindo, na manyunyu yake yamelowesha blanketi lake. Wilibrodi alikuwa amekaa juu ya jiwe, mikono magotini, kama mtu aliyekesha.

Muhidin alikimbia ubaoni peku. Futi moja na inchi saba.

Akatazama juu. Anga lilikuwa safi, hakuna wingu hata la ukubwa wa leso. Akamtazama Wilibrodi. Huyu alikuwa hapa hapa. Basi yuko mtu mwingine huko juu.

"Nani amefungulia?"

"Afungulie nini, Bwana? Mto hauna kufuli."

"Usinifanye mtoto! Jana njia ya juu imebomoka, na mwanamke anaipita na kikapu. Nyanya mbichi Septemba. Mkeo hajibu mpaka akutazame wewe." Alikuwa akisema na huku kichwani mambo yanajipanga, moja nyuma ya jingine. "Huko juu kuna bustani. Kuna mifereji. Siku sita mnayachepusha maji mnamwagilia, na Jumamosi jioni..."

Wilibrodi akammalizia.

"Jumamosi jioni wanafunga. Adriano hataki mfereji utembee Jumapili. Anasema maji yakifanya kazi shambani mwako siku ya Bwana, umefanya kazi wewe. Basi yanarudi mtoni, usiku kucha yanateremka. Jumapili jioni baada ya sala wanafungua tena."

"Bustani za nani?"

"Za baba mkwe wangu, mzee Marselino, na jamaa zake. Kaya arobaini. Mwaka ule nzige walipokula ulezi wote, bustani zile ndizo zilizotupitisha."

Muhidin alikaa chini. Yeye alijua jambo ambalo Wilibrodi hakupaswa kujua, lakini uso wa Wilibrodi ulionyesha kwamba analijua. Vipimo vile vilikuwa vya bwana mmoja mwenye shamba bondeni. Maji yakionekana machache, asingejisumbua. Yakionekana yanatosha, mto ungetiwa bomba, na mfereji wowote wa juu usio na kibali ungefukiwa.

"Kwa nini basi hukuandika futi moja na inchi moja hata Jumapili? Nani angejua?"

Wilibrodi alitafuta maneno. "Yule Mzungu aliyesimika ubao alinishika bega. Akaniambia, usiandike unachofikiri, andika unachoona. Nikakubali. Halafu..." Akajikuna kidevu. "Nisamehe, Bwana Karani. Sikudhani kuna mtu anayesoma. Wewe ulikuwa unatia sahihi tu."

Kofi lisingemwuma zaidi. Muhidin aligeuza uso, akavuta kiatu chake kilichokufa, akajifanya anakaza kamba.

"Kwa hiyo fanya hivi," aliendelea Wilibrodi kwa upole. "Mwambie mhandisi mimi mwongo. Jumapili nilikuwa kigangoni, nikabuni. Kijiji kitashangaa, lakini kitanyamaza. Afute Jumapili zote. Zitabaki hizo siku sita, na siku sita maji ni machache."

Ndilo lile lile alilolijia. Alipewa mkononi, bila kuomba, na mwongo mwenyewe amekubali. Ndiyo maana hakuliamini.

"Wewe unapata nini?"

"Wakwe zangu wanapata maji."

"Wewe! Nimekuuliza wewe. Mshahara unakwenda. Watu watakuita mzushi. Adriano atasema, kumbe hata ubaoni hakwenda, alikuwa amelala. Unapata nini?"

"Jumapili nitakwenda sala," alisema Wilibrodi. "Epifania atapumua."

Muhidin alicheka bila kutaka. Kisha akakasirika kwa kuwa amecheka.

Wakarudi bila maneno mengi. Njiani, katika ile njia nyembamba ya jabalini, mkono wa Wilibrodi ulimshika kiwiko mara mbili, na mara zote mbili Muhidin alijiuliza anashikwa kwa wema au kwa sababu ya daftari. Jua lilikuwa kali. Alipanda, akapumzika, akapanda, na kila alipopumzika aligeuza jambo upande mwingine. Akisema kweli yote, yeye na Wilibrodi wanapona, mifereji inakufa. Akisema Wilibrodi mwongo, mifereji inapona, na yeye anasifiwa. Atasifiwa kwa kumkamata mtu pekee katika kazi ile aliyeandika anachokiona. Alijaribu kuamini kwamba Wilibrodi ana hila nyingine iliyofichika, maana hiyo ingemrahisishia. Hakuipata.

Karibu na juu alisimama ghafla.

"Mwakani, Adriano anaweza kukubali mfereji uachwe wazi Jumapili? Pasiguswe jembe, maji yaende tu?"

"Adriano?" Wilibrodi alipiga kofi la mshangao. "Bora uliombe hilo jabali."

"Ng'ombe wake Jumapili hawali majani?"

"Wanakula."

"Basi mwambie nyanya nazo zinakunywa. Lakini yawe mwakani, vipimo vikianza upya."

"Mwakani sawa. Na hizi za mwaka huu, zenye duara jekundu?"

Muhidin akaendelea kupanda. Jibu alikuwa nalo tangu kwenye jabali, na alikuwa akilichukia. Duara zile zisingefutika kwa uongo wa Wilibrodi peke yake bila kumfuta Wilibrodi. Zingefutika tu kama daftari zima lingekuwa takataka, na daftari zima lingekuwa takataka kwa kosa moja tu, na kosa hilo halikuwa la msoma ubao.

Tarehe ishirini mhandisi alikuja, mtu mfupi mwenye shingo nyekundu. Kabla hajakaa, Muhidin alisimama mbele yake na mbele ya mkubwa wa ofisi.

"Bwana, sahihi zote kumi na nne ni za uongo. Niliandika nimekagua, sikukagua. Siwezi kuapa kwa tarakimu hata moja ya daftari hili."

Ukweli ni kwamba angeweza kuapa kwa mbili, ya Jumamosi ile na ya Jumapili ile, lakini hizo ziliangukia Septemba, na daftari la Septemba lilikuwa bado Katunda. Alikwisha lifikiria hilo pia. Mhandisi alifoka hadi wakulima waliokuwa barazani wakaondoka. Hakuuliza tena habari za Jumapili. Alikuwa amepata mtu wa kumkasirikia. Daftari likatupwa. Vipimo vikaamriwa kuanza upya Januari, mwaka mzima. Na Muhidin, kwa adhabu, akanyang'anywa meza, akashushwa cheo, akaamriwa kuhamia Katunda, akague kila juma kwa miguu yake mwenyewe.

Huseni alimpeleka na lori hadi njia panda. "Unaficha jambo," alimwambia. "Mtu hajishtaki bure. Wamekulisha nini hao Wafipa?"

"Nyanya," alisema Muhidin, na Huseni hakumwamini.

Katunda nako hakuaminiwa. Mzee Marselino alimjibu salamu kwa kichwa tu. Wanawake walifunika vikapu alipopita. Hata Wilibrodi, aliyejua yote, masika nzima alikuwa akimtangulia korongoni kimya, na kila mara walipofika ubaoni alisema, "Soma wewe kwanza." Naye alisoma tena baada yake.

Mabishano na Adriano juu ya mfereji wa Jumapili yalikwenda tangu Kwaresima hadi mavuno. Ilisemekana kuna siku katekista na mzee Marselino waligombana uwanjani mwa kigango hadi wakasahau kupiga kengele. Mwisho wake Muhidin hakuambiwa.

Usiku wa kuamkia Jumapili ya kwanza ya Juni wawili wale walilala chini ya mwamba kama mwaka uliopita. Jumamosi jioni ubao ulikuwa futi moja na inchi moja. Alfajiri Muhidin aliamka, akasikiliza kabla ya kufumbua macho. Uzi ulikuwa uzi. Akaingia majini na kandambili zake za ngozi ya ng'ombe, akainama.

"Futi moja na inchi mbili."

Wilibrodi akaja mbio, akainama naye, akaweka kidole. Inchi mbili.

"Hii moja imetoka wapi?" aliuliza Muhidin, na shaka yote ya mwaka uliopita ikamrudia mara moja. "Kumbe hawakukubali!"

"Wamekubali. Adriano ametangaza mwenyewe, hakuna dhambi." Wilibrodi alitazama juu, maji yanakotoka, na mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko. "Lakini bustani yake ndiyo kubwa kuliko zote. Amewaruhusu wenzake, shetani mkubwa, na mfereji wake mwenyewe ameufunga."

Muhidin alipangusa mikono kwenye shati, akafungua daftari jipya, akaandika futi moja na inchi mbili. Akangoja wino ukauke.

"Shikamoo, mzee Wilibrodi," alisema. "Leo nilisahau kukuamkia."

"Marahaba. Hukusahau leo tu. Funga daftari twende, tukikaza mwendo nitaiwahi nusu ya sala."